Mmebadilisha mwanga wa picha zangu za maua bila kuniuliza

Area D,
Dodoma.
20 Januari 2025

Meneja,
Studio ya Picha na Fremu,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

YAH: PICHA ZA MAUA ZILIZOHARIBIKA KATIKA KUSAFISHWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni yule mama wa nyumba ya wageni niliyeleta flashi yenye picha nane tarehe 6 mwezi huu. Nililipa shilingi 360,000, kusafisha na kutia fremu, inchi 12 kwa 18, na risiti ninayo. Ijumaa nilikuja kuzichukua zikiwa zimeshafungwa kwenye maboksi. Nilipozifungua nyumbani nilikaa chini kwanza.

Vyumba vyangu havina namba, vina majina ya maua. Mgeni akipewa ufunguo wa Mbuyu, nataka akifungua mlango alikute ua la mbuyu ukutani. Na hilo la mbuyu ndilo lililoniuma kuliko yote.

Ua la mbuyu hufunguka jioni, na kesho yake limeshanyauka, limegeuka kahawia. Nililivizia mwezi Novemba, jioni tatu, chini ya mbuyu mmoja njia ya Hombolo, mpwa wangu akinishikia tochi huku akilalamikia mbu. (Harufu yake wala si ya kumnusisha mgeni, popo ndio wanaoipenda.) Ua lenyewe linaning'inia kichwa chini, jeupe, petali zake tano zimejikunjakunja kama kanga iliyoanuliwa bila kupigwa pasi. Mikunjo hiyo ndiyo niliyoifuata. Nyuma yake niliacha giza kwa makusudi, kwa sababu ulikuwa usiku.

Mlichonipa ni usiku wa rangi ya majivu, na katikati kitu cheupe kama sahani ya plastiki. Nimevaa miwani, nimeisogeza picha dirishani: mikunjo haipo. Pale hapakupita wino kabisa, ni karatasi tupu.

Nilipopiga simu, kijana wenu wa kaunta alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, picha zako zilikuwa na giza, tukakusaidia kuziangaza. Mashine inarekebisha yenyewe." Namshukuru kwa kusema kweli, ila msaada huo nani aliuomba? Kwenye fomu yenu, nakala ninayo, niliandika kwa kalamu nyekundu: CHAPA KAMA ILIVYO, MSIGUSE MWANGA.

Mashine ikiona weusi mwingi inadhani mpigaji amekosea, basi inaongeza mwanga picha nzima. Kwa picha ya kipaimara iliyopigwa ukumbini huenda ikasaidia. Kwa ua jeupe gizani inaua, kwa sababu cheupe hakina tena pa kupanda. Kamera nayo ina ugonjwa huohuo, inapima kila kitu kana kwamba dunia nzima ni kijivu: ua jeupe likijaa mbele yake inalitoa la kijivu, gizani nako inataka kuliunguza kwa mwanga mwingi. Hilo nililirekebisha palepale chini ya mti, nikapunguza mwanga stopu moja na nusu (ukishusha stopu moja, mwanga unabaki nusu). Nyumbani nikaifungua picha kwenye kompyuta, nikahakikisha sehemu nyeupe kuliko zote haifiki 255, maana kwenye kompyuta 0 ni weusi mtupu na 255 ndiyo karatasi tupu. Kisha nikainyanyua picha kidogo, kama nusu stopu, kwa kuwa karatasi haiwaki kama skrini na kioo cha fremu nacho kinapunguza mwanga. Yaani nafasi ya kuongeza nilishaitumia yote. Ninyi mkaongeza juu ya nyongeza.

Ya mkrismasi imeharibika kwa namna nyingine. Nyekundu ya ua lile ni kali, ukizubaa inajaa mapema kuliko rangi nyingine, hata kama histogramu ya jumla, yaani grafu ya mwanga wa picha, inaonekana iko salama. Ndiyo maana niliipiga asubuhi kukiwa na mawingu, nikaishusha mwanga. Ua la mkrismasi lina petali moja iliyo tofauti na wenzake, nyeupe yenye madoadoa mekundu, na wageni wengi hawajawahi kuiona kwa sababu hawasogei karibu. Kwenye picha yenu madoadoa yamefutika, na petali nyingine zimekuwa bonge moja jekundu kama rangi ya mlango. Waridi la jangwani nalo ni hivyohivyo.

Nisiwaonee: alizeti imetoka na giza, na kosa ni langu. Niliihariri mchana wa jua kali, skrini nimeipandisha mwanga mpaka mwisho, ikanidanganya. Hiyo siwadai. Nne zilizobaki zinakubalika. Na fundi wenu wa fremu ana mkono mzuri, kona zimekutana sawasawa. Shida ni kwamba picha zimegundishwa kwenye ubao, kwa hiyo siwezi hata kuzitoa nikaweka nyingine mwenyewe.

Ili msiseme faili ndilo bovu, nililipeleka lilelile la mbuyu kwa studio nyingine hapahapa mjini, wakanitolea nakala ya inchi 4 kwa 6 na marekebisho ya mashine yakiwa yamezimwa. Nimeiambatisha. Hesabuni mikunjo.

Ninachotaka: mbuyu, mkrismasi na waridi la jangwani zisafishwe upya kwa gharama yenu, marekebisho ya mashine yazimwe, na kabla ya karatasi kubwa mnitolee kipande kidogo cha majaribio nije nikione kwa macho yangu. Fremu ni zilezile, badilisheni ubao tu. Kama haiwezekani kufikia Jumatatu tarehe 27, nirudishieni shilingi 135,000 za picha hizo tatu. Mkikaa kimya, nitaipeleka barua hii na fomu yangu Tume ya Ushindani.

Tarehe hiyo sikuichagua ovyo. Bunge linaanza vikao mwisho wa mwezi, vyumba vyote vimeshashikwa, na ukutani mwa chumba cha Mbuyu sasa hivi kuna msumari mtupu.

Wako mteja,
Mama wa nyumba ya wageni, Area D

Viambatisho: nakala ya risiti, nakala ya fomu, picha moja ya inchi 4 kwa 6.