Kabla Hujawaachia Kikao

Kisumu, Ijumaa jioni

Mama,

(Najua wenzako hucheka wakisikia mzee wa miaka 66 akimwita binti yake Mama. Una jina la mamangu, ningekuitaje?)

Ujumbe wako wa Jumanne niliupata. Kumbe kile kikundi chenu cha uandishi hapo Nakuru kimekua hadi vijana hawaenei chumbani, na sasa umeambiwa uwaandae watano waongoze warsha zao wenyewe. Unaniuliza uwafunze nini, kwa kuwa nilifundisha Kiswahili miaka 31. Nimekaa na swali hilo siku tatu. Jibu langu huenda lisikupendeze: usiwafanye walimu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwapa Kidato cha Pili insha kuhusu siku wasiyoisahau. Kijana mmoja wa Dunga akaanza hivi: "Baba alirudi kutoka ziwani mikono mitupu, ananuka samaki." Nikapiga mstari mwekundu, na pembeni nikaandika: "Mantiki?" Mikono mitupu, samaki watoke wapi? Nikamhesabia na makosa ya hijai, nikampa alama 7 kati ya 20. Sikumbuki kama aliinua mkono tena darasani mwangu.

Mwaka jana nilimkuta sokoni Kibuye, Jumapili, akiuza viatu vya mitumba. Mtu mzima, ana mvi. Akaweka chini kiatu alichokuwa akikipiga brashi, akaitamka ile sentensi yote, neno kwa neno, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mantiki uliipata?" Tukacheka sana. Kwenye tuktuk nikirudi nyumbani kicheko kilikuwa kimeisha. Mvuvi aliyekosa leo hunuka samaki wa jana, wa juzi, wa maisha yake yote. Nusu ya darasa lile walikuwa watoto wa wavuvi. Wangeniambia, kama ningewauliza.

Basi hao watano wako waanze kwa kujifunza kuuliza. Mwenye kazi asome mwenyewe, kwa sauti. Kisha anyamaze, wenzake waseme ni kipi kimewabaki masikioni na ni wapi walipotea njia. Desturi hii ya mwandishi kunyamaza huhusishwa sana na chuo cha Iowa, Marekani, kilichoanzisha warsha yake mwaka 1936. Mimi naiona ina ukali. Mtoto aliyenyamazishwa shuleni miaka minane, umnyamazishe tena Jumamosi? Ningemruhusu aulize swali moja kabla hajasoma: "Mwisho wangu umekuja mapema?" Hapo wasikilizaji wanajua watege sikio wapi. Kiongozi naye aseme wa mwisho. Akitangulia yeye, waliobaki wataitikia kama kwaya.

Nyanya yako, mwenye jina lako, alilala siwindhe usichanani, nyumba ya bibi mzee waliyemwita pim, ambako wasichana walipeana hadithi na vitendawili usiku. Aliniambia pim yule hakusimulia zote. Alianzisha moja, akachochea moto, halafu akamtazama mmoja wao, na zamu ikawa yake. Akikwama pim hakummalizia. Aliuliza tu, "Halafu fisi akasemaje?" Nimehudhuria semina nyingi za walimu, nyingine zenye chakula kizuri, na sikuwahi kusikia swali linalolifikia hilo la fisi.

Usiwape mihadhara kuhusu kuongoza. Mpe kila mmoja dakika ishirini za kikao chako, wawili wawili wakiogopa, nawe ukae nyuma kabisa na mdomo umeufunga. Utakuwasha, najua, umerithi kwangu. Watu wakiondoka, muulize: nani hakusema neno leo? Nani alisema kupita kiasi? Wewe mwenyewe uliongea dakika ngapi? Atakwambia tano. Awe na saa ya simu, ataona ni kumi na tano. Na wengine wakiandika, naye aandike, asizungukezunguke nyuma ya migongo yao kama msimamizi wa mtihani.

Kuhusu Sheng, Dholuo na Kikalenjin kuingia katika rasimu ya kwanza, waache. Kusahihisha kuna siku yake. Ningekuwa mwalimu wako ningekukatalia. Ndiyo maana nafurahi si mwalimu wako.

Kuna jambo moja naomba ulitilie uzito kuliko mengine. Hapo Nakuru ziko nyumba ambazo Januari 2008, ya zile ghasia za baada ya uchaguzi, haijaisha. Siku moja kijana atasoma kitu ambacho hata mamake hajawahi kukisikia. Kiongozi asiyeandaliwa atasema "tashbihi yako ni nzuri." Mfunze aweke kalamu chini, ashukuru, kisha aulize: unataka maoni, au ulitaka tu tukusikie? Na kama anayesoma ni mtoto, na anachosoma kinaonyesha kuna mtu anamdhuru, kiongozi asimuahidi siri. Amweleze mtu mzima anayehusika, na namba 116 ya simu ya watoto iwe imebandikwa mlangoni, kupiga ni bure. Hili mlizungumze nao kabla ya kikao cha kwanza, si baada ya machozi.

Kesho asubuhi nakutumia daftari arobaini kwa matatu ya saa mbili. Dereva nitampa namba yako. Zina mistari mipana, wale wenye mwandiko mkubwa watashukuru.

Ukipanga siku ya yule wa kwanza kuongoza, niambie. Nitapitia Kericho nifike mapema, nikae nyuma karibu nawe. Nina kurasa mbili kuhusu mtu mmoja anayeuza viatu. Nikianza kusahihisha sentensi za watu, nitoeni nje.

Babako