Bomba laini nalo lina msuguano, mhariri

Mhariri, salamu kwako na wote hapo chumba cha habari. Nimesoma ile makala yenu ya maji na kilimo, ile iliyosema bomba la plastiki ni laini mno kiasi maji yanapita bila kugusa ukuta, hivyo mkulima anayebana matumizi achukue tu saizi ndogo. Nikacheka peke yangu halafu nikakasirika, maana maneno hayohayo niliambiwa na muuza mabomba mwaka juzi na yalitugharimu.

Tuna kikundi cha maji kijijini. Tenki liko kilimani, mita 300 kutoka kwenye koki ya kuchotea, mwinuko kama mita 8. Tulipiga hesabu tupate lita 2 kwa sekunde, yaani ndoo ya lita 20 ijae kwa sekunde 10, foleni iishe mapema watoto wawahi shule. Mpango ulikuwa bomba la milimita 63, ambalo kwa daraja la presha tulilotaka ndani linabaki na kama milimita 50 (ile namba iliyoandikwa ubavuni ni kipimo cha nje bana, wengi hawajui). Jamaa wa dukani akasema ya nini yote hiyo, chukueni la 50, ndani lina 40, laini kama kioo, maji yatateleza tu. Na mimi mweka hazina, mwalimu wa fizikia kabisa, nikaitikia.

Siku ya kufungulia, mama mmoja akatega ndoo, mimi nimeshika simu nahesabu, kumi ikapita, kumi na tano ikapita, kumi na saba ndo ikajaa. Nikadhani koki haijafunguka yote. Ilikuwa imefunguka.

Ni hivi, maji yanagusa ukuta, tena yale yaliyogusana nao hayatembei kabisa, kasi yake sifuri, hata ukuta uwe wa kioo. Kama mnabisha angalieni pangaboi hapo ofisini kwenu, linazunguka kutwa lakini mapanga yake yamejaa vumbi, sasa huo upepo wote mbona haulipeperushi? Kwa sababu hewa iliyogusana na panga haitelezi juu yake, inazunguka nalo, na vumbi limejibanza humohumo.

Sasa chukua bomba lenye milimita 50 kwa ndani, maji yakienda kwa wastani wa mita 1 kwa sekunde. Pembeni kabisa kuna ngozi ya maji yenye unene wa 0.1 ya milimita hivi, kama unywele, humo mnato, yaani ule ukinzani wa maji kujivuta yenyewe kwa yenyewe, ndo unatawala na kasi inapanda moja kwa moja kutoka sifuri mpaka kama sentimita 25 kwa sekunde. Ukiitoka hiyo unapita kipande ambacho mnato na vurugu vinagombania, halafu ndo unaingia kwenye vurugu lenyewe, maji yanazunguka na kuchanganyikana. Ukifika milimita 1 tu kutoka ukutani kasi imeshakuwa kama sentimita 75! Kuanzia hapo inapanda kwa logi, yaani kila ukizidisha umbali mara mbili kasi inaongezeka kiasi kilekile, hapa kama sentimita 9, milimita 2 unakuta 84, milimita 4 unakuta 92 au 93, mpaka katikati ni mita 1.15 au zaidi kidogo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kasi imepatikana kwenye milimita ya kwanza, na ni hapohapo ukuta unayavuta maji nyuma na presha yako inaliwa.

Mambo haya si ya jana. Mwanasayansi von Kármán aliitoa kanuni hiyo ya logi mwaka 1930, mwenzake Prandtl naye alikuwa kwenye jambo hilohilo kule Göttingen, Ujerumani, na hapohapo Nikuradse, mzaliwa wa Georgia, akapima mabomba laini akachapisha 1932, mwaka uliofuata akaleta ya mabomba aliyoyagandisha mchanga kwa ndani. Namba ya von Kármán, ile inayoamua kasi inapanda kiasi gani kwenye hiyo logi, vitabu vingi vinaandika 0.40 au 0.41, ingawa vipimo vya Princeton kule Marekani vilitoa 0.436 mwaka 1998, baadaye vikashuka mpaka 0.421, na wataalamu bado wanabishana. Nawaachia, kwenye ndoo ya kijijini haibadilishi kitu.

Ila kwenye huo ulaini ndo patamu. Mikwaruzo ya plastiki vitabu vinaiweka 0.0015 ya milimita. Linganisha na ile ngozi ya 0.1, mikwaruzo imezama chini kabisa, lile vurugu huku juu wala haliisikii. Maana yake hata ungeling'arisha bomba mara kumi zaidi hupati kitu, kwa upande wa maji limeshakuwa laini basi, na msuguano uliobaki ni wa maji yenyewe. Ukitaka kuupunguza panua bomba. Lita 2 kwa sekunde kwenye ndani ya 50 zinakula kimo cha mita 2.1, yaani sehemu ya ule mwinuko wa tenki, kwa kila mita 100 za bomba, kwenye ndani ya 40 zinakula 6.2, karibu mara tatu! Kwa mita 300 tulihitaji karibu mita 19 na tulikuwa nazo 8, ndo maji yakajipunguza yenyewe mpaka lita 1.2.

Ombi langu mhariri, mkiandika tena kuhusu mabomba wekeni kipenyo cha ndani, urefu na mwinuko, na ile sentensi muisahihishe. Sisi tulichanga upya, tukachimbua mtaro wote, mwenyekiti hakuongea na mimi wiki mbili. Ndoo sasa ni sekunde 10, ikichelewa sana 11. Lile la 50 limeviringishwa nyuma ya nyumba yangu, kuna jirani analiulizia la kumwagilia mchicha, kwake ni mita 40 tu na tenki liko juu vizuri, huyo nitamuuzia.

Mwalimu, msomaji wenu wa siku nyingi