Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Redio za Ridhaa, Dodoma

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kuitikia wito wa mkutano mkuu, hasa mliotoka Kondoa, Mpwapwa na Manyoni. Habari za fedha atawasomea mtunza hazina, hatudaiwi. Ambao hawajahuisha leseni zao TCRA wafanye hivyo mapema, kwani chama hakiwezi kumtetea anayerusha mawimbi bila leseni.

Muda uliobaki naomba niutumie kwa APRS, mfumo wa kupashana habari fupi za kidijitali kwa redio, maana ndiyo kazi iliyotushughulisha mwaka huu. Kwa wanachama wapya: redio ya gari au ya mkononi inapokea kutoka GPS mahali ilipo, inaandaa ujumbe mfupi wenye alama ya kituo (herufi na tarakimu zinazomtambulisha mwenye leseni), kisha inaurusha kwenye 144.800 MHz. Kituo cha kilimani kikiusikia, kinaurudia ufike mbali. Kituo chenye intaneti kikiusikia, kinaupeleka kwenye ramani inayoonekana dunia nzima.

Wengi wetu tumeishia hapo kwenye ramani, na ndipo nina neno. Bob Bruninga wa Marekani, alama yake WB4APR, aliyeubuni mfumo huu na kuulea hadi alipofariki mwaka 2022, alisisitiza kwamba APRS si mfumo wa kufuatilia magari. Aliutaka uwe njia ya watu wa eneo moja kupashana habari papo hapo, kila upande ukituma na kupokea. Kwetu huku jambo hilo ni zito. Ukishaipita Mayamaya kwenda Kondoa, usitegemee simu kila mahali. Mvua zikiijaza Bahi na umeme ukakatika mjini, kituo chetu cha intaneti kinazimika, na ramani inabaki na alama za jana wakati gari lenye mwenzetu liko njiani.

Kwa hiyo kamati inapendekeza fungu la mwaka ujao lijenge kwanza kituo cha kurudia kilimani, chenye sola na betri, kabla hatujanunua kituo cha pili cha intaneti. Wapo watakaosema cha intaneti ni rahisi: redio, kompyuta ndogo na bando, basi. Ni kweli. Lakini VHF, yaani mawimbi haya tunayotumia, inataka antena zionane, na nchi yetu ina vilima vya mawe kila upande. Antena moja ikikaa juu, redio za mikononi zilizoko mabondeni zitasikilizana bila bando wala umeme wa gridi.

Kituo hicho kitatutaka nidhamu. Tunatumia masafa mamoja, kwa kasi ya biti 1200 kwa sekunde. Wawili wakirusha kwa pamoja, mara nyingi hakuna anayesikika. Nyumba haihami, kwa hiyo kituo cha nyumbani kijitangaze kila nusu saa. Gari linalotembea, kila dakika moja au mbili inatosha, na njia, yaani agizo la ujumbe urudiwe mara ngapi, iwe WIDE1-1,WIDE2-1, mara mbili tu. Anayeongeza hatua zaidi ya hizo anawaziba wenzake midomo.

Mnaoandika mahali kwa mkono, kagueni herufi. Dodoma mjini ni kama 0610.20S na 03544.40E, yaani nyuzi 6 dakika 10.20 kusini, na nyuzi 35 dakika 44.40 mashariki. Mwenzetu wa Area C aliweka N (kaskazini) badala ya S (kusini), kituo chake kikaonekana kusini-magharibi mwa Ethiopia. Siku ya dharura, herufi hiyo moja inawapeleka waokoaji nchi nyingine.

Nawapongeza sana vijana wetu waliotuma ujumbe wao kwenye 145.825 MHz, Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kilipopita juu yetu, na kuusikia ukirudi kutoka umbali wa kilomita zaidi ya 400, na alama za vituo vyao zikasomeka kwenye kioo cha redio. Pale hapakuwa na intaneti katikati. Walitumia redio ya mkononi na antena waliyoitengeneza wenyewe kwa utepe wa fundi wa kupimia.

Pendekezo la kilima litapigiwa kura mchana. Kabla ya hapo, kila anayekijua kilima kinachofikika kwa miguu, na mwenye ardhi anayeweza kutukubalia, ampe katibu jina la kilima hicho na la mwenye ardhi.

Mwenyekiti