Barua ya wazi kwa mama mdogo, kuhusu pai ya zambarau ya babu

Mama mdogo, shikamoo. Natumai mguu waendelea vizuri na ile dawa ya kuchua imekufaa.

Nakuandikia hapa mbele ya watu manake kule kwenye gurupu la familia mambo hayaishi, mtu auliza kitu kimoja waingia kumi, huyu na voisi ndefu, yule na maua ya asubuhi njema, jibu lenyewe lishapotea. Alafu najua si sisi tu. Mombasa hii nyumba ngapi zina mzee aliyekuwa mpishi wa Wazungu, Kizingo huko au Nyali au melini, akaacha daftari la mapishi limejaa madoa ya mafuta na hakuna anayeweza kulifuata. Kwa hivyo wakisoma na wengine si vibaya.

Ulisema pai ya marehemu baba yenu isiguswe, ipikwe kama ilivyoandikwa, na sisi watoto wa siku hizi kazi yetu ni kuharibu vya watu. Haya. Lakini ile picha ya ukurasa uliyotuma, hebu ivute uiangalie tena vizuri. Pale penye mafuta babu aliandika kwanza mafuta ya nguruwe, kama alivyosomewa na yule mama wa Kizungu aliyempikia, kisha akapiga mstari mrefu wa wino na juu yake akaandika samli. Chini kidogo penye tunda aliandika gusberi, nayo imekatwa, pameandikwa zambarau. Gusberi ni tunda la nchi za baridi, hapa pwani angelitoa wapi. Sasa mama mdogo, mwenyewe alibadilisha mafuta, akabadilisha tunda, na moto pia (nakuja huko), alafu sisi ndo tuambiwe hata sukari tusipunguze? Mimi naona kumfuata babu ni kufanya alivyofanya yeye, aliangalia jikoni mwake mna nini akapika na hicho.

Na tukianza na hiyo sukari, huenda hata hamuifuati mnavyodhani. Daftari lasema vikombe viwili vya chai. Kikombe cha chai cha Waingereza wa zamani kilikuwa kidogo, kama mililita 140 hivi, na hiki cha plastiki cha kupimia tunachonunua supamaketi ni 240 au 250. Fanya hesabu. Viwili vya babu ni kama gramu 240 za sukari, viwili vya sasa ni zaidi ya 400. Ndo manake ile pai ya Idi kila mtu aliomba maji. Unga nao ameandika robo tatu ya ratili, ratili ni gramu 454, kwa hivyo ni kama 340. Samli ameandika kiasi cha mayai matatu, na yai moja kwa kipimo hicho huwa kama gramu 57, tuseme 170 jumla. Maji ameandika kiasi. Kiasi! Wazee hawa bwana. Nunua mizani ndogo ya jikoni ya dijitali, mambo ya yai la kuku gani yataisha.

Twende kwenye mafuta, na hapa niachie niseme kwa urefu kidogo. Samli ni tamu, sikatai, na harufu yake yamtoa mtu chumbani. Lakini samli ni mafuta matupu, haina maji ndani, na kwa joto letu hili inakuwa nusu imeshayeyuka hata hujaigusa. Ukiichanganya na unga inaingia kila pahali, ganda linatoka la mchangamchanga kama nankhatai, tamu kwa chai lakini halikai na tunda lenye maji. Ganda la pai lataka mafuta yabaki vipande vipande ndani ya unga, alafu yakikutana na moto mkali ghafla yayeyuke, maji yaliyomo kwenye donge yageuke mvuke, na ule mvuke ndo unaoinua matabaka. Yale mafuta ya nguruwe ya Wazungu yalifanya kazi hiyo vizuri kwa sababu ni mazito na nchi yenyewe ina baridi. Babu samli ndo iliyokuwepo, na friji hakuwa nayo. Sisi tunayo.

Mimi naweka nusu Kimbo nusu siagi. Kimbo ni mafuta ya mimea, yahimili joto kuliko siagi, ganda halilegei mikononi, na siagi yaleta ladha. Siagi ya kweli lakini, sio majarini ya kupaka mkate, ile imetengenezwa ilainike upesi na kwa pai itakuchezea. Ukishindwa kabisa kuiacha samli, na nakujua hutaweza, toa vijiko viwili vya siagi uweke samli badala yake, na uigandishe kwenye friji tangu usiku. Kwa sinia ya inchi 9, ganda la chini na la juu, ni unga gramu 300, mafuta 200 jumla, chumvi nusu kijiko cha chai, siki kijiko kimoja, na maji ya barafu kama mililita 90. Utaona mafuta ni mengi kuliko ya babu na unga umepungua, sababu mojawapo ni kwamba siagi karibu sehemu moja kati ya sita ni maji, na samli yake haikuwa nayo. Unga uwe ule wa kawaida wa chapati, sio ule unaojiumua wenyewe.

Wakati wa kaskazi fanya hiyo kazi baada ya swala ya alfajiri, jua halijachoma bati. Unga utie friza nusu saa, bakuli pia. Kata mafuta kwa kisu ndani ya unga mpaka vibaki vipande vya ukubwa wa mbaazi, nyunyizia maji, kusanya donge, basi. Usikande! Naandika na alama ya mshangao kwa sababu naijua mikono yako, mikono ya chapati, ikiona donge inataka kulisuguasugua mpaka lilainike. Chapati yataka hivyo, pai ukiikanda yavutika na ikiingia kwenye moto yajikunja. Ligawe mara mbili, lifunge kwa nailoni, likae friji saa nzima, alafu usukume kwenye kibao chako kilekile cha chapati. Likianza kunata usiongeze unga, rudisha friji dakika kumi.

Sasa moto. Daftari lasema tu palia makaa juu kuliko chini mpaka harufu itoke. Kule kwa mwajiri wake babu alikuwa na jiko la chuma la kuni lenye mlango, lakini nyumbani alipika kwa sufuria na makaa, kama mnavyopalia mkate wa kumimina mpaka leo. Hiyo ni akili kubwa, na asiye na oveni asione haya, sufuria nzito yenye mchanga chini, sinia juu ya kistendi cha chuma, mfuniko wa bati na makaa juu, pai yaiva. Ila huwezi kuondoka hapo hata simu ikilia.

Wewe una oveni mpya na ulilalamika kuwa chini pai ilikuwa mbichi, tope tupu. Sio oveni mbovu. Sababu yake ni kwamba oveni nyingi za mezani moto wake wa juu ndo wakali, juu lapata rangi haraka, mtu aona pai nyekundu aitoa, na kumbe chini hakujapata kitu. Washa oveni nusu saa kabla, gredi 220, na sinia bapa la chuma ndani yake kwenye rafu ya chini kabisa, lipate moto. Pai iliyo kwenye chombo cha bati ukiiweka juu ya hilo sinia chini kunakamatwa papo hapo. Chombo cha kioo usikifanyie hivyo kikitoka friji, chaweza kupasuka. Dakika 20 kwa 220, alafu shusha mpaka 180 na uache kama dakika 40 zaidi. Kama oveni yako ina feni punguza gredi 20. Juu likikimbilia weusi funika na foili. Na usitoe kwa kuangalia rangi peke yake, toa ukiona rojo linatokota zito katikati, pale ulipochanja ganda la juu, sio pembeni tu. Wanga usipopata moto wa kutosha haukazi, utakata pai upate supu. Stima ikipotea katikati usifungue mlango kuchungulia, mle ndani bado kuna moto wa kutosha kwa muda.

Mwanao aliuliza kuhusu ea fraya. Yawezekana, ila ni kwa vipai vidogo vya mtu mmoja, na feni yake yapeperusha ganda la juu kama hujalibana vizuri pembeni.

Tunda sasa. Hapa simpingi babu hata kidogo, kuchagua zambarau alipatia kabisa. Wengine wataka bluberi za pakiti kwa sababu wameona kwenye simu, bei yake na ladha yake havilingani, na zambarau yetu ina kitu ambacho bluberi haina, ule ukakasi, ukipata sukari kidogo na ndimu unakuwa ladha ya watu wazima. Chagua zile nyeusi zilizolegea, zenye wekundu zitakukaza ulimi. Kilo moja na robo, au tuseme mpaka upate gramu 700 za nyama bila kokwa. Kutoa kokwa ndo adhabu. Nazichemsha na maji kidogo sana dakika tano, zikipoa nazikamua kwa mkono, kokwa zatoka zenyewe. Vaa kanga usiyoipenda, hayo madoa hayatoki. Ukamue ndimu moja, chumvi chembe moja, chumvi yapunguza ule ukakasi.

Kukaza lile rojo babu alitumia unga wa ngano, na ndo manake pai yake ilikuwa na rangi ya ukungu ndani. Tuna kitu bora hapa na wala sio cha kigeni kwetu. Wamarekani kwenye pai zao za matunda hutia tapioka, na tapioka ni wanga wa muhogo, muhogo huu huu tunaokula na pilipili na ndimu pale ufuoni Mama Ngina. Wanga lakini, ule mweupe laini unaoteleza vidoleni, sio unga wa muhogo wa ugali. Rojo latoka ling'aavu kama kioo, rangi ya zambarau yaonekana ilivyo. Gramu 40 zatosha kwa hizo 700, na uuchanganye kwanza na sukari ikiwa kavu ndo utie kwenye tunda lililopoa, la sivyo utapata mabonge. Wanga wa mahindi pia wafaa ukikosa huo, ila rojo lake haling'ai kama la muhogo.

Na hapa ndo nikukumbushe lile la sukari kwa sababu ulisema ukipunguza pai haitashika. Hiyo ni jemu mama mdogo. Jemu ndo yahitaji sukari nyingi ili igande. Pai hushikwa na wanga, kwa hivyo waweza kushuka mpaka gramu 150, hata 120 zambarau zikiwa zimeiva sana, na ikashika vilevile. Nyumba yetu nusu ya watu wana sukari na nusu nyingine wanajificha kupimwa. Sisemi pai imegeuka dawa, unga na wanga pia hugeuka sukari mwilini, mtu ale kipande kidogo na si kila siku.

Msimu ukiisha, forosadi wafaa, ni matamu zaidi kwa hivyo ongeza ndimu. Stroberi za bara zilizogandishwa nazo sawa, usiziyeyushe, zitie hivyo hivyo na kijiko kimoja zaidi cha wanga, kwa sababu tunda lililoganda likipata moto latoa maji mengi. Zambarau zenyewe kamua nyingi msimu ukiwepo, funga kwa mafungu ya gramu 700, weka friza.

Kabla ya kujaza ganda la chini nyunyiza makombo ya biskuti kavu, yanyonye maji ya kwanza kwanza. Juu paka yai, nyunyiza sukari kijiko. Ikitoka iache masaa manne. Najua haiwezekani na wajukuu wapo, lakini ikikatwa ya moto yamwagika yote, na mtakuja kunilaumu mimi na wanga wangu.

Jumamosi inshallah nakuja kwako asubuhi na mapema, na zambarau na Kimbo na wanga, wewe toa lile sinia la bati la babu, kama bado halijatiwa maua. Tutapika mbili, yako ya samli ukipenda na yangu, watu waonje wenyewe. Ila mdalasini usitie kwenye yangu. Najua babu aliuandika, na hakuukata, na hata hivyo usitie.