Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Msikilizaji wa Mtandaoni Ana Bei

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama mnazo mikononi, na mweka hazina atazipitia baadaye. Mimi nitazungumzia lile lililotuumiza kichwa mwaka mzima: kurusha matangazo ya redio zetu mtandaoni.

Mtambo wa FM haujui kuhesabu watu. Ukishalipa LUKU, fundi wa mnara na ada ya leseni, asikilize mmoja au mji mzima, gharama ni ileile. Mtandaoni kila anayejiunga anavuta data kwenye seva yako, na mwenye seva anaandika. Ukirusha sauti kwa kilobiti 128 kwa sekunde, msikilizaji mmoja anakula takriban megabaiti 58 kwa saa. Wakiwa 1,000, ni gigabaiti 58. Tuliotamba kwamba "tunasikika dunia nzima" ndio tulioletewa bili.

Kituo changu kilipata somo Ramadhani. Kifurushi chetu cha seva kilikuwa na ukomo wa wasikilizaji 500 kwa wakati mmoja. Ikifika magharibi ya kwetu, ndugu zetu wa Muscat, kule Oman, wamekwisha futuru, wako kwenye kahawa, wanataka kaswida za nyumbani. Wakajaa. Aliyechelewa akakuta kimya, na simu ya studio haikupumzika. Tukapandisha kifurushi. Kesho yake mwenye duka la mbolea anayetudhamini akaniuliza, "Mwenyekiti, huyo wa Muscat atabeba mfuko gani kwangu?" Sikuwa na jibu.

Wenzetu wa Marekani wana mzigo mwingine. Kule kituo cha FM hulipa watunzi, lakini hakimlipi mwimbaji wala mwenye rekodi kwa wimbo unaopigwa hewani. Wimbo huohuo ukipita mtandaoni, hulipiwa kwa kila msikilizaji. Kiwango cha 2021 kwa vituo vya biashara kilikuwa dola 0.0021. Utacheka, mpaka uzidishe: nyimbo 12 kwa saa, wasikilizaji 1,000, tayari ni dola 25.20, na saa bado 23. Nayasema haya kwa kuwa wapo wanaotaka tukae na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuhusu muziki wa mtandaoni. Tukae, na msanii alipwe, ila kwa asilimia ya mapato. Tukikubali kuhesabiwa vichwa, tutaanza kuomba wasikilizaji wapungue.

Kamati ilishauri tushuke hadi kilobiti 64. Waliotii wanatumia nusu ya data ya awali, na bando la msikilizaji nalo linapumua. Wanaodai sauti imeharibika, niliwaomba wasikilize kwenye simu ya kawaida sokoni. Hakuna aliyerudi kulalamika.

Kuhusu matangazo ya biashara, tuache kumuuzia mwenye mbolea masikio ya ng'ambo. Wanaouza viwanja, wasafirisha mizigo na watuma pesa ndio wa kufuatwa, kwa bei yao ya peke yake.

Pendekezo la kukodi seva moja kwa pamoja liko kwenye ajenda ya tano. Mimi ninaliunga mkono, mradi kila kituo kilipe kulingana na data kinayotumia.