Dál Riata ilikuwa dola ya baharini, isimuliwe hivyo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie Dál Riata, ufalme wa Wagaeli, yaani watu wa lugha ya Kigaeli, uliostawi kuanzia karne ya 6 hivi hadi ya 9. Masimulizi mengi ya historia ya Uskoti huupitia kwa haraka: Wagaeli walitoka Ayalandi, wakavuka maji, wakateka pwani ya magharibi, na hatimaye wazao wao wakatawala nchi nzima. Simulizi hilo huifanya bahari kuwa mpaka uliovukwa mara moja, ilhali kwa wenyeji wa ufalme huo bahari ndiyo iliyokuwa barabara kuu.

Dál Riata ilishika sehemu ya Antrim, kaskazini-mashariki mwa Ayalandi, pamoja na Argyll na visiwa vyake upande wa Uskoti. Mlangobahari uliopo kati yake, pale unapokuwa mwembamba zaidi, una upana wa kilomita zipatazo 20, ilhali nyuma ya Argyll imesimama milima isiyopitika kwa urahisi. Mwaka 2001 mwanaakiolojia Ewan Campbell aliitilia shaka hadithi ya uvamizi, kwa kuwa makazi na mapambo yaliyofukuliwa Argyll hayaonyeshi kwamba watu wapya waliingia wakachukua nafasi ya wa zamani. Mimi naikubali hoja yake, kwani watu wanaosafiri kila msimu wanaweza kabisa kuzungumza lugha moja pande zote mbili za maji.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni hati iitwayo Senchus fer nAlban, ambayo ingawa imetufikia kwa nakala za baadaye, wataalamu wengi huamini kwamba kiini chake ni cha karne ya 7. Hati hiyo inahesabu nyumba za koo kuu, na kwa kila nyumba 20 inadai vyombo viwili vyenye mabenchi saba ya wapiga makasia. Huo ni utawala uliowaandikisha raia wake kama mabaharia, tena kwa utaratibu ambao falme chache za zama hizo zimetuachia kumbukumbu yake. Mwaka 719 koo mbili za ufalme huohuo, Cenél nGabráin na Cenél Loairn, zilipigana baharini, na pigano hilo huhesabiwa kuwa la kwanza la majini kuandikwa katika historia ya visiwa vya Britania na Ayalandi.

Ni kweli kwamba Dunadd, ngome yao iliyo juu ya mwamba, ilitekwa na Óengus mfalme wa Wapikti, watu wa kaskazini na mashariki mwa Uskoti, mwaka 736. Hata hivyo, pigo lililovunja mawasiliano ya pande mbili lilikuja na meli za Waviking, walioishambulia Iona, kisiwa chenye monasteri katika pwani hiyo ya magharibi, mwaka 795 na kuua watu 68 huko mwaka 806.

Kwa hiyo nawaomba waandishi na wachoraji wa vitabu vya historia waache kuipasua Dál Riata katikati ya mlangobahari kwa rangi mbili za mataifa ya leo, na badala yake waonyeshe maji hayo kuwa sehemu ya ufalme wenyewe.

Msomaji wako