Karatasi ya vidonda vya kulalia iwe ya Kiswahili

Mhariri,

Mimi ni muuguzi mstaafu, mkaazi wa Wete. Mwezi uliopita shangazi yangu alilazwa kwa kuvunjika nyonga, hospitali sitaitaja. Siku 3 za mwanzo aliuguzwa na mkaza mwanawe, siku ya nne nikampokea mimi. Manesi sina ugomvi nao. Usiku walikuwa wawili kwa wodi nzima.

Nilipomgeuza nimkoshe, niliona kwenye kifandugu pamekoza rangi. Ngozi zetu hizi nyeusi hazioneshi wekundu upesi, basi nikaweka kiganja: pa moto, pagumu, na nikibonyeza anaguna. Nikaomba faili. Ndani mlikuwa na karatasi ya Norton, ya kupimia nani yumo hatarini kupata vidonda vya kulalia, ile aliyoibuni Doreen Norton na wenziwe Uingereza mwaka 1962: hali ya mwili, akili, kutembea, kujigeuza, kuzuia haja. Kila kimoja alama 1 hadi 4, na mwenye 14 kwenda chini ndiye wa kuchungwa. Shangazi kaandikiwa 17 siku zote, wino mmoja, mkono mmoja. Asiyeshuka kitandani hupewa 1 kwenye kutembea, kwa hivyo 17 maana yake mengine yote hana dosari. Mtu ambaye nikimwacha ubavu wa kulia namkuta ubavu uleule nikirudi na uji! Mimi nilipata 12.

Yule mkaza mwana ni fundi cherahani, angejuaje? Karatasi ni ya Kiingereza na inakaa ofisini. Na wodini kwetu anayemgeuza mgonjwa, anayemlisha, anayembadilisha kanga iliyolowa, ni jamaa yake. Naye twamwita muuguzi, wala hatukosei.

Naiomba Wizara ya Afya karatasi hiyo ichapishwe kwa Kiswahili, itundikwe miguuni mwa kitanda na saa za kumgeuza mgonjwa, na nesi aijaze mbele ya anayeuguza, irejewe kila hali inapobadilika. Najua watakaosema jamaa wataanza kubishana na manesi juu ya alama. Na wabishane. Mimi nilibisha, akaja nesi wa asubuhi, binti mdogo, tukahesabu pamoja, naye akatoa 12. Tangu hapo tulimgeuza kila saa 2, visigino tukavinyanyua kwa mto wa sufi. Alirudi nyumbani ngozi haijachanika.

Muuguzi mstaafu,
Wete, Pemba